Kuinua Tumbo

Ilikuwa bagi,
bapa kama kobe, tumbo lake
na lami vikinong'onezana.
Jumapili, uwanja wa kuegeshea magari ukiwa mtupu,
nilibonyeza kidole tu, nayo hiyo,
ikakata kona kwa ubavu na kuacha harufu ya mota.
Niliinunua Luthuli, kwa Mulwa, ghorofa ya pili:
haina boksi, haina maelezo,
rimoti imefungwa kwa selotepu.
Kathambi akaniuliza bei. Nikataja nusu.

Kisha wakaja Umoja watu wa mabomba,
wakaipasua barabara yetu toka kwa kinyozi hadi kanisani,
wakafukia robo, wakaenda zao.
Mvua ya Aprili ikamalizia kazi.
Bagi ikaenda hatua tatu, ikakaa kitako,
magurudumu yakizunguka topeni
kama mtu anayejieleza kwa karani aliyekwisha kufunga dirisha.
(Mimi ni karani. Najua.)
Watoto wa ploti wakacheka.
Osiemo wa mlango wa sita, miaka tisa, hakucheka.
"Anko," akasema, "hii ilizaliwa fupi."

Basi nikaanza kuirefusha.
Gikomba, chini ya rundo la wanasesere wasio na vichwa,
nikapata magurudumu ya tingatinga la mtoto,
mapana kama visahani, yenye meno,
manne, moja lina ufa.
Kariobangi, Onsongo akaukereza msumari wa inchi sita
hadi ukaitika kwenye beringi.
Shoki nilizipandisha kwa vipande vya aluminiamu:
mfuniko wa sufuria
ambao Kathambi bado anautafuta.
Bodi, debe la mafuta ya kupikia,
nembo yake nimeigeuzia ndani isione haya.

Onsongo alinionya, huku akifuta mikono:
"Umepanua mguu, punguza jino.
Gurudumu kubwa linakopa kwa mota.
Giya isipolipa, mota italipa."
Miaka ishirini na miwili naandika madeni ya watu
katika vitabu vya kiwanda cha magunia,
na bado sikusikia.
Dakika nne. Moshi mwembamba,
harufu kama ya nywele zilizoguswa na pasi.
Nikarudi kwa Mulwa, mota nyingine,
na kijigiya cha meno kumi na mawili,
kidogo kama kifungo cha shati.
Kathambi akauliza bei. Nikataja robo.

Sasa ni lori.
Hata ngeli imehama: ilipita, sasa linapita,
na ulimi wangu bado unateleza katikati.
Sitadanganya (nimedanganya vya kutosha):
kuna kitu kimepotea.
Ile kona ya ubavu haipo tena.
Ukiliharakisha linapinduka,
linabaki chali likiipiga hewa mateke,
na mwendo wake ni wa mtu
aliyevaa viatu vya kakake.

Jumamosi, baada ya mvua, nikalipeleka mtaroni.
Likashuka.
Likatoweka.
Ikabaki antena ikitikisika juu ya tope,
na sauti ya jino dogo
ikisaga, ikisaga, bila haraka.
Nikahesabu. Hakuna aliyecheka.
Kisha pua ya debe, nyeusi tititi, ikachungulia ng'ambo.
Osiemo akapiga magoti,
akapitisha kiganja chini ya tumbo, akakisimamisha wima.
"Paka anapita," akasema.

Kathambi alikuwa ameshuka,
mkononi sufuria iliyofunikwa kwa sahani.
Akainama. Akaona kinachong'aa juu ya shoki,
na tundu moja la skurubu
pale kishikio kilipokuwa.
Akalitazama lile tundu muda mrefu.
Akaiweka sufuria juu ya ukuta.
Akanyosha mkono,
na hakuwa anaunyoshea mfuniko.